Chaki Pande Zote Mbili

Hakuna wa kunidanganya mimi. Nikikaa na mtu robo saa tu, nimemjua ndani na nje, kama nguo niliyoigeuza kukagua mshono.

Mume wangu wa kwanza nilikaa naye miaka sita kabla sijajua kuwa ana mke mwingine nyuma ya soko. Mke mwenyewe alikuwa mteja wangu. Lakini hayo tuyaache, ni ya zamani, na gauni lilimkaa vizuri.

Kwa mliofungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hamjalisoma: mimi ni fundi wa vifungo. Nina chumba kimoja na mwenzangu, cherehani mbili zinatazamana, mwaka wa thelathini na nne huu. Yeye anapima na kukata, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mkasi. Mimi naunga, natoboa matundu, napachika vifungo. Mimi naitwa Mama Vifungo, na majina mengine ambayo mhariri amekataa kuyachapa.

Wiki jana niliwasimulia habari za koti la mwalimu mkuu. Lilitoka kwetu lina matundu matano kulia na matundu matano kushoto. Vifungo havikuwa na pa kukaa. Mwenyewe hakuliangalia mpaka asubuhi ya kupokea wageni wa shule, akasimama mbele ya wanafunzi mia tatu koti limefungwa kwa kamba ya kiatu.

Niliwaambia Mkasi ndiye aliyepiga chaki pande zote mbili, na mimi maskini nikafuata chaki.

Sasa hapo pana jambo. Mkasi alipiga chaki upande mmoja. Nilimdanganya mwalimu mkuu, kisha nikawadanganya nyinyi.

Msininunie. Nyinyi ni wageni kwangu, ndiyo maana nawaambia ukweli, hata kama umechelewa wiki moja.

Ukweli wenyewe ni huu. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, mwaka wa pili sasa, na la kulia limeanza kumfuata mwenzake. Siku ile nilitoboa matundu upande mmoja, nikainuka kunywa chai, niliporudi nikaliokota koti kinyumenyume. Nikapapasa, nikakuta hapana tundu. Nikatoboa tena.

Na si koti tu. Miaka miwili hiyo kila mshono wangu ukienda upande, nilimwambia Mkasi, "Mwenzangu, umekata vibaya." Naye akaniamini. Siku hizi anapima nguo mara tatu, halafu anasimama na mkasi hewani, anaogopa kitambaa.

Mimi nilikuwa namwona. Yaani, nilikuwa naona kivuli chake.

Gazeti la wiki jana lilipotoka, Mkasi alilinunua kama kawaida yake. Akalifungua mbele yangu, akalitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nimesoma, mwenzangu. Safi kabisa. Umeniweka pazuri."

Nikajisemea, huyu ndiye rafiki. Nimemtupia lawama mbele ya mji mzima, na bado anasema safi! Hata koti lenyewe, mwalimu mkuu alipolirudisha, Mkasi alilibeba kwenda nalo kwake ayazibe matundu ya ziada, bila kuniuliza yalitoka wapi.

Basi tuingie ya wiki hii.

Madaktari wa macho walikuja hospitali yetu kwa siku tatu. Wakiondoka, kurudi ni baada ya mwaka. Mwaka mmoja mbele mimi ningekuwa napachika vifungo kwenye pazia la dirisha.

Nilipewa karatasi ya miadi, nikaipeleka chumbani kwetu. Mkasi akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Nisomee wewe. Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikaisogeza puani, nikasoma herufi moja moja kwa jicho la kulia. "Mgonjwa aje na msindikizaji anayemfahamu vizuri. Mgonjwa atawekewa matone, hataweza kusoma. Msindikizaji atamsomea fomu kwa sauti mbele ya muuguzi. Asiye na msindikizaji hapasuliwi."

Mkasi akaitazama tena karatasi mkononi mwangu.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Unaogopa nini, sauti unayo. Siku ukigombana na muuza vitambaa tunakusikia mpaka kituo cha polisi."

"Nitakuja," akasema. "Una nani mwingine zaidi yangu?"

Maneno hayo yaliniingia moyoni. Yakakaa humo mpaka kesho yake saa mbili asubuhi.

Saa mbili nilikuwa kwenye benchi la hospitali, namba ishirini na moja. Mkasi hayupo. Saa mbili na nusu nikawekewa matone, dunia ikageuka maziwa. Mkasi hayupo. Nikampigia simu.

"Uko wapi wewe?"

"Mwenzangu!" Sauti ilikuwa ya mtu anayekata roho. "Nimeamka mgongo umekatika. Hata kugeuka kitandani siwezi. Nimelala tu hapa natazama dari."

"Mgongo huo umekatika leo?"

"Leo leo. Pasuliwa salama."

Wakati huo muuguzi akaita, "Namba kumi na saba!" Nikaisikia mara mbili, mara moja hewani na mara moja ndani ya simu. Nikasema moyoni, simu hii nayo imezeeka, inarudisha mwangwi.

Mnaona? Mtu wa kunidanganya hayupo.

Nikabaki na matone yangu. Kumi na saba ameingia. Kumi na nane akaingia na mwanawe, kumi na tisa na mkwewe. Kila mtu ana mtu.

Pembeni yangu alikaa mwanamke. Uso wake kwangu ulikuwa ukungu, lakini alinukia sabuni nzuri na alikuwa ametulia. Nyuma yangu, kwenye benchi lililotupa mgongo, alikuwapo mwingine aliyejifunika mtandio mpaka puani, kazi yake kukohoa. Huyo sikumtaka. Msindikizaji mwenye kikohozi anaweza kukufia kabla ya fomu kuisha.

Nikamgeukia wa sabuni.

"Mdogo wangu, wewe unamsindikiza nani?"

"Simsindikizi mtu, dada. Nimefuata miwani. Mimi ni mpita njia tu, katika mji huu simjui mtu hata mmoja."

"Kusoma unajua?"

"Najua."

"Na uongo?"

Akacheka. "Kidogo."

"Basi kuanzia sasa tunafahamiana miaka arobaini."

Tulikuwa na muda wa wagonjwa wawili. Nikamfundisha maisha yangu kama mtu anayepakia mizigo gari linaondoka. Umri, sabini na moja. Watoto wanne, wawili wananipigia simu, mmoja kati ya hao hupiga akiwa na shida. Presha ninayo. Dawa yenye kunivimbisha midomo ni ile ya vidonge vyekundu. Meno ya juu si yangu.

"Umri wako, watu wanaujua?" akauliza.

"Nani aujue? Rafiki yangu wa chumba kimoja anajua sitini na nne. Nilimpunguzia siku ya kwanza tulipokutana, kisha nikaona haya kumrudishia."

"Na meno?"

"Hajui. Nikiwa naye sicheki sana."

Hapo mwenyewe nikashtuka. Miaka thelathini na minne na Mkasi, na huyu wa dakika kumi ameshamzidi.

Lakini fikirini wenyewe. Rafiki ukimwambia ukweli leo, kesho mtaamka naye, na ukweli umekaa kati yenu unawatazama. Mgeni unampa wote, anachukua miwani yake, anakwenda nao kwao. Ndiyo tofauti yao. Uongo mzuri nimewatunzia marafiki, na ukweli nimekuwa nikiugawa kwenye mabenchi.

Na ukweli ukishaanza kutoka hauna breki. Mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Nikuambie jambo? Huyo rafiki yangu ni mkataji. Nimemharibia mikono."

"Umemfanya nini?"

"Jicho langu lilipokufa nilimwambia anakata vibaya. Miaka miwili namwambia. Mwanamke alikuwa anakata suti bila kuipima, akikutazama tu unavyoingia mlangoni! Sasa anaogopa hata foronya. Na juzijuzi nimetoboa koti la mwalimu mkuu pande zote mbili, nikasema chaki ni yake. Nikaliandika na gazetini."

Nyuma yangu kikohozi kilikatika ghafla, kama cherehani iliyokatika mkanda.

"Kwa nini humwambii kuwa huoni?" akauliza wa sabuni. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Nimwambie fundi mkataji kwamba mshonaji wake ni kipofu? Atafute mwingine? Mimi nikitoka kwenye chumba kile nakwenda wapi? Pale ndipo ninapoitwa fundi. Kwangu naitwa bibi tu, tena kwa kupigiwa kelele."

Akanishika mkono.

"Namba ishirini na moja!"

Tukainuka tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Muuguzi alikuwa na sauti kavu, mtu wa kuhesabu pamba.

"Msindikizaji ni wewe? Mnafahamiana tangu lini?"

"Miaka arobaini," akasema mwenzangu bila kupepesa.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

Kimya.

Wasomaji wangu, tulikuwa tumefika kwenye meno, tumefika kwenye midomo kuvimba. Majina hatukuambiana!

"Mimi namwita dada," akasema.

"Na kwenye cheti?"

"Tangu tukiwa wasichana ni dada tu. Nikimwita jina ataniuliza nimekasirikia nini."

Muuguzi akavuta pumzi. "Umri wake?"

"Sabini na moja."

"Kadi hapa imeandikwa sitini na nne."

Nikajikunja. Kadi niliijaza mwenyewe. Uongo ukishauzoea, hata hospitali unakwenda nao kama pochi.

"Kadi kaijaza yeye," mwenzangu akasema. "Huyu hata kaburini atataka wampunguzie."

Muuguzi akacheka, nikasikia mhuri unagonga meza. "Basi, nimeamini. Mgeni hawezi kukuumbua hivi. Msomee fomu."

Akanisomea vizuri, kwa nukta na mikato, kama mtangazaji wa redio. Nikaweka dole gumba. Nikapelekwa ndani.

Ya ndani hayana hadithi. Taa, maji baridi, na daktari aliyeniambia nisiongee. Ni mwanamume wa tatu kuniambia hivyo na wa kwanza kufanikiwa.

Nilitoka na bandeji kubwa kama sahani. Wa sabuni alikuwa bado yupo. Akanipandisha teksi mpaka kwangu, akanipasulia chungwa, akaaga.

"Kesho saa tatu bandeji inatolewa, na msindikizaji anatakiwa tena," nikamwambia. "Lakini wewe si mpita njia? Miwani yako je?"

"Haijawa tayari," akasema haraka. "Nitakuja kesho."

Jioni Mkasi hakupiga simu. Nikampigia mimi, haikupokelewa. Nikasema, mgongo.

Kesho yake saa tatu nikakalishwa kwenye kiti. Muuguzi yule yule akaanza kufungua shashi, mzunguko baada ya mzunguko.

"Fungua jicho polepole, bibi."

"Bibi ni mama yako."

Nikalifungua.

Jamani. Niliona ufa kwenye dari na buibui aliyekaa ndani ya ufa. Nikaona muuguzi ana miaka kama ishirini na tatu na chunusi moja kidevuni. Nilikuwa nimemwogopa kama mkuu wa gereza. Nikaona mikono yangu, nikataka nirudishiwe bandeji.

Kisha nikamgeukia msindikizaji wangu nimwone.

Uso sikuwahi kuuona. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mnene, macho ya huruma. Lakini mimi ni fundi. Uso wa mtu nauangalia mwisho.

Alivaa gauni la kijani. Vifungo saba vidogo, vimefunikwa kwa kitambaa kile kile cha gauni. Na kila tundu, mwisho wake, lilikuwa na nukta tatu za uzi zilizobanana.

Nukta tatu zile nilifundishwa na mama yangu mzazi. Katika mji mzima nazipiga mimi peke yangu.

"Gauni zuri hilo," nikasema. "Nani kakushonea?"

"Hili?" Akajitazama kama mtu aliyeambiwa nguo inawaka. "Hili nililinunua dukani, huko kwetu. Limeshonwa tayari."

"Dukani."

"Ndiyo, dada. Yalikuwa yametundikwa mengi tu."

"Na duka hilo linashona kifua arobaini na mbili na kiuno arobaini na mbili? Na bega la kushoto limeshushwa nusu inchi?"

Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye bega la kushoto.

Vipimo vile navijua kama namba yangu ya simu. Kila mwaka Mkasi hukata gauni moja la kumpelekea mdogo wake, aliyeolewa mbali huko. Nimempachikia mdogo wake huyo vifungo magauni kumi na moja. Sijawahi kumwona. Ila kiuno chake nakijua, kipo pale kwa heshima tu.

"Wewe ni mdogo wake Mkasi," nikasema.

Muuguzi aliyekuwa anakunja shashi akaacha kukunja.

"Si mlisema miaka arobaini?" akauliza.

"Binti, kunja pamba zako."

Mdogo mtu akaketi. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Dada alinituma. Aliniita juzi kwa simu, nikafika usiku. Aliniambia kaa karibu yake, atakuomba mwenyewe, huyo mdomo wake haujawahi kukaa kimya benchini. Akasema usimwambie wewe ni nani."

"Kwa nini asije mwenyewe? Mgongo gani huo?"

"Hana mgongo." Akatazama mlango, akanisogelea sikioni. "Fomu ilitaka kusomwa kwa sauti. Dada yangu hajui kusoma. Hata herufi moja. Shule nilipelekwa mimi. Usimwambie nimekuambia, ataniua, amekuficha miaka yote hii."

Nilibaki na jicho langu jipya nimelikodoa.

Miwani iliyosahaulika nyumbani miaka thelathini na minne. Vipimo vya wateja anavyoviandika kwa vijistari na vimviringo, na mimi nikimtania kwamba anaandika kama kuku anayetafuta punje. Barua za mdogo wake anazoniambia, "Zisome wewe, sauti yako ni nzuri."

"Na gazeti?" nikauliza. "Kila wiki ananunua gazeti langu. Wiki jana kaniambia amesoma, ni safi, nimemweka pazuri."

"Anaangalia ile picha ya cherehani wanayoiweka juu. Analinunua kwa sababu ni lako."



Kumbe hakunisamehe. Hakujua la kunisamehe. Nilimsema mbele ya mji mzima, na yeye akasimama mbele yangu na gazeti mkononi, akijivunia.

"Sikiliza," nikamwambia mdogo mtu. "Ya benchini jana, ya jicho na ya koti, hujamwambia. Niambie hujamwambia."

"Sijamwambia."

Nikashusha pumzi. "Mungu akuweke. Nitamwambia mwenyewe. Nitatafuta siku nzuri, nitamwambia taratibu, kidogo kidogo, pengine mwakani."

"Dada, sijamwambia kwa sababu haikuhitajika."

"Haikuhitajika vipi?"

"Jana ulipompigia simu alikuwa hapo getini. Halafu akaingia." Aliangalia sakafu. "Alikuwa nyuma yako. Alisema hawezi kukaa nyumbani wewe unapasuliwa."

Namba kumi na saba mara mbili. Mtandio mpaka puani. Kikohozi kilichokatika.

"Na leo?" nikauliza, ingawa macho ya mdogo mtu yalikuwa yameshanipita begani na kunijibu.

Nikageuka polepole, kama walivyoniagiza.

Mkasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, mgongo umenyooka kama rula. Kwa miaka miwili nilikuwa sijamwona uso. Amezeeka. Kwenye mapaja yake lilikuwapo koti la mwalimu mkuu, na vidole vyake vilikuwa vinaziba tundu la tano la upande wa kushoto, kwa mshono mzuri ambao sikujua kama anaujua.

Muuguzi akatutazama sote watatu, mmoja mmoja. "Sasa rafiki ni yupi hapa?" akauliza.

Mkasi akaendelea kushona.

Nikaona nitangulie. Uongo wake ulikuwa wazi, umekaa kitini mbele yangu bila hata mto wa kuegemea, na mimi sikuwahi kuacha nafasi ya namna hiyo inipite.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mgongo unaendeleaje?"

Mkasi akavuta uzi, akaukata kwa meno. Akalitandaza koti juu ya magoti, pande zote mbili, akaupitisha ubapa wa kiganja polepole kama mtu anayefuta vumbi.

"Haujambo," akasema. "Na chaki je?"